Nipe Mji

Saa mbili usiku, Oli, Arua. Umeme umelala,
betri ya sola inahema chini ya meza,
na kwenye kioo Ayikoru amekwama mlangoni pa mfalme.

Siku ya tatu leo. Ameshuka ngazi mia na kumi,
amegeuza mamba wanne wa mawe hadi wakatazamana,
amemimina maji bakulini mpaka sakafu ikanguruma.
Nami, ninayelishwa na makaburi,
namenya muhogo, najifanya sitazami.

Mchezo wameutunga vijana fulani wa Gulu.
Jiwe linasema Kiswahili cha darasani
kwa sauti ya mtu mwenye mafua: Kitendawili.
Anabonyeza: Tega.

    Nimetundikwa kambani, na kosa sikulitenda,
    sina ulimi kinywani, ila kweli naipenda,
    kuta zote duniani hunihofu zikipinda,
    nitaje jina, mgeni, jiwe hili litakwenda.

"Mnyongwa," aliandika juzi. Jiwe likajibu: Nipe mji.
Na mji ukaenda kweli. Aliujenga mwenyewe wiki nzima,
soko, kisima, mbuzi kumi na mmoja,
akauita Pakwach. Ramani ikabaki na doa.
"Popo." Nipe mji. Nebbi, na daraja lake.
"Kengele," hilo alipewa na mwalimu wa kwaya.
Bondo.

Umebaki mmoja. Ameuita Arua,
na ndani ya Arua hiyo mna nyumba ya paa jekundu,
na mbele ya nyumba mtu amesimama tu, hana kazi mchezoni,
kamvika kofia kama ya baba yake.

"Anko Dratele," anasema, macho kiooni.
"Wewe si fundi wa makaburi?"

Nacheka. Jina langu lenyewe linaanza na kifo,
lakini hakuna mfalme aliyewahi kuniita.
Nimewajengea walimu, muuza tumbaku, mapacha wa Ediofe:
saruji mifuko miwili,
vigae iwapo ndugu wameafikiana.
Nasoma. Nasoma tena, midomo ikitembea.
Kisha nauvuta mfuko wa zana kwa kidole cha mguu,
natoa uzi, na chini ya uzi kipande cha shaba chenye ncha,
nakining'iniza kati ya uso wake na kioo.

Kinazunguka.
Kinapunguza mwendo.
Kinatulia.

"Nini hiki?"
"Timazi."
"Linaandikwaje?"
"Kama linavyotamkwa."

Herufi sita. Jiwe linafikiri;
betri nayo inafikiri, kwa taa yake nyekundu.
Halafu ngurumo, vumbi, na mlango huo unaingia ardhini
taratibu kama ng'ombe anayelala.

Mfalme yupo, na upanga wa buluu kifuani.
Ayikoru anampita, anavunja vyungu vyote kutafuta dhahabu;
adabu ya msibani hana.
Mimi natazama kona. Ukuta wa kushoto umepinda
upana wa kidole. Timazi wamelitaja,
hawakulitumia.

Miji inarudi ramanini, mmoja, mwingine.
Bondo haikurudi. Sijui kwa nini, naye hajui.

"Lile la baba," anasema, chungu kingine kikipasuka,
"nalo uliliwekea timazi?"

Nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka hapa.
Asubuhi ile nililishika mpaka jua likafika utosini
na timazi halikutulia hata mara moja.
Kijana wa zege nilimwambia ni upepo.
Majani ya mgomba yalikuwa yamesimama kimya.

"Niliweka," namjibu. "Limenyooka."

Betri inakata. Hajahifadhi.
Nangoja alie, nangoja alaani vijana wa Gulu.
Kimya. Kisha nasikia uzi ukivutwa juu ya meza,
pumzi imezuiwa,
na shaba, gizani, ikigonga ukingo wa kiti,
ikigonga tena, polepole zaidi.