Injini ya Mtu

Ile mbovu tuliitoa Jumamosi, mimi na Réjean,
minyororo ikilia kwenye winchi ya kukodi.
Chumvi ya barabara za Sudbury imezila nati
hadi zimepoteza pembe.

Hii imetoka kwenye pikapu iliyopinduka.
Kilomita laki mbili za mtu nisiyemjua,
na ubavuni, kwa chaki, neno moja: nzima.
Nzima kwa kiasi gani?

Usiku wa pili, vidole vimekufa ganzi,
nikazungusha ufunguo.
Ikakohoa. Kimya.
Ikakohoa tena, kisha ikanguruma
mpaka theluji ikaporomoka kutoka paa la gereji.

Réjean akaipiga boneti kofi, akacheka.
Mimi nimeshika boliti moja
isiyo na kwao.

Nimeitia mfukoni. Sijamwambia.