Nilizungumza na Vigae

Kwanza nililaumu jokofu.
Nikatoa jibini, nikainusa, nikairudisha.
Nikalaumu viatu. Nikalaumu mbwa,
nikamwogesha mbwa, maskini, katikati ya Februari.
Harufu ikabaki pale pale, kwenye kiti cha nyuma cha gari,
kali, changa, kama kitunguu kilichosahauliwa mfukoni,
na aliyekaa kwenye kiti hicho
ni mwanangu Sölvi, miaka kumi na miwili na miezi minne,
ndani ya sweta ya sufu ambayo hajaivua
tangu Jumanne ya wiki ile nyingine.

Kikwapa. Neno lenyewe dogo.
Lakini jaribu kulitamka mezani
mbele ya mtoto ambaye juzi tu
ulikuwa ukimsugua kichwa kwa povu
naye akikuuliza kama nyangumi huoga.

Baba yangu, Ketill, hakutamka lolote.
Alishinda kiwandani akipasua samaki,
akarudi na magamba kwenye nyusi,
na siku moja nikakuta mche wa sabuni juu ya mto wangu,
umefungwa kwa gazeti.
Barua hapana. Gazeti lilihusu bei ya mafuta.
Nililisoma mara tatu nikitafuta kosa langu.

Niliapa sitafanya hivyo.
Nikafanya vibaya zaidi: nilinunua marashi ya kwapa,
nikayatia kwenye mkoba wake kimyakimya,
na shule ikapiga simu:
amejipulizia chupa nzima, darasa limehamia maktaba.
Jioni alinuka kama beberu
aliyepotea kwenye duka la manukato.
"Si ndivyo ulivyotaka?" akasema.
Sauti ilianza nene, ikaishia nyembamba.
Kilichobaki alikisema mlango.

Jumamosi tukaenda bwawani, kama watu wote hapa Borgarnes,
theluji juu, maji ya moto chini,
maji yatokayo tumboni mwa ardhi
yakinuka yai viza, wala hakuna anayeyaonea haya.
Ukutani pana mchoro wa mtu asiye na uso:
kichwa, kwapa, kinena, nyayo, vyote vyekundu.
Hapo usugue, bila nguo, kabla hujaingia.
Mlinzi ameketi, taulo begani, macho ya ofisa forodha.

Sölvi alibaki konani na kaptura yake.
Akalowesha nywele kwenye sinki
apate kupenya kama aliyekwisha kuoga.
Nikaona vinyweleo vitatu, labda vinne,
na mabega yaliyokunjwa kuficha kifua
ambacho hakuna aliyekitazama.

Sikumwita. Niligeukia ukuta
nikazungumza na vigae.
Nikasema: mimi huanza na kwapa,
maana huko ndiko kwenye kesi.
Nikasema: maji peke yake hupita tu, hayasalimii,
sabuni ndiyo hukaa ikaongea.
Nikasema: chini pia, taratibu, kisha suuza,
kisha kausha, kwani unyevu ndio mlezi wa harufu.
Nikasema: shati safi juu ya jasho la jana
ni rangi juu ya kutu.
Nikasema: nilipokuwa na miaka kumi na mitatu
msichana aitwaye Hrefna alihama dawati,
na hadi leo nikikutana naye benki
nabana mikono.

Kimya. Kisha bomba la jirani likafunguka.
Sikugeuka. Naapa sikugeuka.
Nilisikia povu tu,
na mtu akikohoa kwa sauti mbili.

Kwenye gari akashusha kioo,
baridi ya nyuzi nane chini ya sifuri ikaingia na kuketi.
"Nini tena?"
"Baba," akasema, kwa upole wa daktari
mwenye habari mbaya, "soksi zako."

Sweta tuliifua Jumapili, sote wawili, kwenye beseni.
Maji yakawa rangi ya chai.
Ilipokauka, mikono yake iliishia juu ya vifundo.
Yeye anasema nimeiharibu, maji yalikuwa moto mno.
Mimi niliyapima kwa kiwiko,
kama nilivyokuwa nikiyapima yake.