Kitana

Kazi yangu ni kuchana paka.
Usicheke. Nina barua ya zahanati, ina mhuri,
nina beseni jeupe, maji, sabuni kidogo,
na kitana chenye meno yaliyobanana
kama foleni ya mbolea ya serikali.

Boma la Dorsila Abich, Asembo, lina paka mmoja.
Hana jina. Huitwa "Wee."
Aliletwa kwa kikapu kutoka soko la Ndori
kwa sababu ya panya,
nao panya walikuja kwa sababu ya mahindi,
nayo mahindi yalihamia chumba cha kulala
kwa sababu ghala lilivunjwa mwaka juzi
na mwizi hakujulikana,
au alijulikana na hakutajwa.
Magunia sita. Juu ya magunia, godoro.
Juu ya godoro, Apondi, miaka tisa.
Juu ya Apondi, paka.

Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala.
Akibaki je?
Hilo walituachia sisi.

Homa ilianza siku ya kufunga shule.
Kichwa, mgongo, joto la kuchemsha uji.
Kipimo cha malaria kikatoa mstari mmoja.
Akapewa dawa ya malaria.
Wiki ya pili, mstari mmoja tena.
Akapewa dawa ya malaria,
kwani huku ziwani homa ina jina moja tu
na ukilikataa unaonekana unajivuna.
Vipele havikuonekana. Mama yake alivipata kwa ncha za vidole
akimpaka mafuta kifuani usiku, stima imepotea.

Nampakata paka, nachana kuanzia shingoni.
Wanaanguka majini, tisa, kumi, kumi na wanne,
rangi ya sukari guru.
Na vumbi jeusi, punje punje.
Nalimwaga juu ya karatasi iliyoloa:
linageuka jekundu.
"Hii ni nini?"
Ni kinyesi chake, Dorsila. Na ni damu yenu.

Namweleza nilivyoelezwa:
huyu hakudungi ugonjwa kama mbu.
Anakula, na papo hapo mezani anajisaidia.
Ugonjwa umo katika uchafu ule, umekaa juu ya ngozi, hauna mlango.
Halafu unawashwa.
Halafu unajikuna.
Dorsila akazitazama kucha zake,
akaikunja mikono ndani ya leso.

Shuleni niliandika insha, "Kikulacho ki nguoni mwako."
Nikaeleza rafiki msaliti, harusi iliyovunjika.
Ishirini na sita juu ya arobaini.
Mwalimu, naomba nirudie.
Ni nguoni. Ni pindo la blanketi,
ni sweta ya shule iliyotupwa juu ya gunia.

Shemeji Ondiegi akaja na pakiti ya sumu.
"Leo panya wote wanalala."
Nikamwambia, ngoja kwanza.
Panya akifa, mwili unapoa,
na kiroboto hakai matanga.
Anatafuta mwenye joto.
Nyumba hii, mwenye joto kuliko wote ni nani?
Tukaligeukia godoro, sote, hata yeye,
na pakiti ikarudi mfukoni.

Basi tukaanza na viroboto.
Magunia nje, juani. Blanketi kwenye sufuria ya matanga ya jirani,
maji yakitokota. Unga wa dawa pembeni mwa kuta, kwenye nyufa.
Panya tuliwaweka siku ya nne.
Paka alibaki; Apondi alimng'ang'ania
na aliyekuwa na nguvu ya kubishana hakuwepo.

Damu yake ilipelekwa Kisumu.
Majibu hayajarudi hadi leo.
Lakini tabibu wa kituoni hakuyangoja, aliandika dawa nyingine,
asubuhi na jioni,
na siku ya tatu mtoto akaomba omena,
akalalamika kwamba haina chumvi.

Sasa ni usiku, niko kwangu.
Kitana nimekiosha, nimekianika dirishani.
Kitu kinaniwasha kifundoni, mguu wa kushoto,
mahali padogo, kama nukta.

Nimekalia mikono yangu.