Njiwa wa Udongo

Nimelipa elfu sitini nifundishwe kuvunja udongo.
Mama akisikia atashika kiuno.
Chungu chake kimoja, pale soko la Matema,
mnunuzi hukigonga mara tatu, hukishusha bei mara nne,
na bado huondoka akisema atarudi.

Mufindi, saa moja na nusu. Ukungu umekalia mashamba ya chai,
hautaki kupisha.
Kocha Ambakisye Mwaisumo amevaa sweta la shule, la bluu,
limetoboka kiwiko. Hana haraka.
"Tusubiri," anasema. "Njiwa wasioonekana ni ghali."

Ananikabidhi bunduki ikiwa imekunjika kiunoni,
matundu yake mawili matupu yakinitazama.
"Ikiwa hivi, tunaongea. Ikinyooka, tunanyamaza."
Kitako begani. Shavu lilalie ubao.
Mguu wa kushoto mbele, goti lilegee,
uzito uende mbele kama unasukuma gari lililonasa matopeni.
Hilo nalijua. Nimesukuma mengi, barabara ya Mgololo, masika.

"Ukiwa tayari, ita."
Niite nini?
"Chochote. Wengi husema vuta.
Kuna fundi mmoja wa kiwandani huita jina la mkwewe."

Vuta!
Mtambo unakohoa, sahani ya rangi ya chungwa
inachomoka kwenye ukungu, inapanda, inapinda,
na mimi nimesimama.
Sikufyatua. Mkono wa kushoto umeachia mtutu,
umefunguka, kiganja juu.

Kocha ananiangalia kwa muda.
"Ulitaka kuidaka?"

Sijui nianzie wapi.
Nyumba niliyokulia vyungu vilipangwa mpaka mlangoni;
mtoto alijifunza kupita kiubavu
kabla hajajua kukimbia.
Ukisikia kitu kimeteleza hukuuliza nini,
ulinyoosha mikono.
Kovu hili la kidoleni ni la mtungi nilioukuta nusu njia.

"Basi usiifuate ilipo," anasema. "Ukishaiona pale, imeshahama.
Tangulia. Nenda itakapokuwa.
Mdakaji naye si hufanya hivyo hivyo?"

Ndivyo.

Vuta. Napiga wingu.
Vuta. Napiga wingu lile lile.
Bega linauma kama limepigwa teke na punda.
"Umesimamisha mtutu ulipovuta kidole.
Ukifyeka, fyekeo husimama kwenye jani?"

Vuta.
Safari hii mikono inakwenda kama inakwenda kuokoa,
inaipita sahani kwa upana wa kiganja,
na kidole

haikulia kama chungu. Hicho ndicho kilichonishangaza.
Chungu hulia chini, kwa tumbo,
halafu vigae hubaki vikijadiliana.
Hii ilifumuka tu, vumbi jeusi, upepo ukalibeba
kuelekea kwa wachumaji, ambao hawakuinua hata vichwa.
Kocha akapiga kofi moja.
Nikacheka kicheko nisichokijua,
kisha nikageuka nyuma haraka,
kana kwamba mtu amesimama pale na ufagio.

Tano kati ya ishirini na tano.
Tukaokota maganda ya risasi, bado ya moto, yananuka kiberiti.
Kwenye nyasi nikakuta moja, nzima, ina umande,
iliruka, nikaikosa, ikatua yenyewe.
"Chukua," akasema kocha. "Huyo ni shahidi wako."

Mwezi uliofuata nikampelekea mama.
Akaipokea kwa mikono miwili.
Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio,
akainusa.
"Nani kaifinyanga hii?"
Mashine, mama.
"Huu si udongo. Lami hii, na chokaa."
Akaizungusha. Ukingo ulimkera: umelingana mno,
hakuna mahali kidole kilipochoka.
"Hii," akasema, akinirudishia, "we vunja tu."

Jioni nikaikuta imefunika kile chungu kidogo
anachowekea vifungo na sindano.
Imekienea.