Bado

Bati nililiokota nyuma ya kiwanda cha uchapaji, Igogo,
alumini nyembamba yenye kivuli cha kalenda ya mwaka juzi:
ukilitazama kwa ubavu unaona Machi,
Machi yenye Jumatatu tano.
Nilisugua kwa jivu na ndimu.
Machi haikutoka yote.

Nikapaka nta na lami. Nikaazima karabai ya Bahebe,
siku hizi yeye anavulia taa za sola
na karabai inakaa bandani na kuku.
Nikalifukiza bati kwa moshi wake hadi likawa usiku.

Kisha sindano.
Sikuchora ziwa. Watu husema nimechora ziwa.
Nilichora mkono unavyosita kabla ya kuandika jina la mtu:
mikwaruzo, mikwaruzo, ikijikunja,
ikikatika ghafla kama mtu aliyeitwa nje.

Juu yake nikanakili daftari la mama,
la Kirumba, linalonuka dagaa tangu jalada:
Nabwire, debe mbili, bado.
Kalunde, nusu gunia, bado.
Mugeta, sado tatu, bado.
Hati yake imelalia kushoto, i zake hazina nukta,
maana nukta, anasema, zinamaliza wino.

Mrututu niliununua duka la pembejeo.
Muuzaji akauliza, "Pamba heka ngapi?"
Mrututu na chumvi kwenye beseni la kufulia,
maji yakawa buluu ambayo ziwa letu halijawahi kuwa
hata kwenye kalenda.
Ukungu mwekundu ukaota juu ya kila jina.

Mashine ni ya kukamulia miwa.
Fundi Lugembe wa Mabatini aliibadilisha rola.
Rangi: masizi, na kijani nilichosaga kutoka magugu maji,
kikageuka kahawia kabla hakijakauka.
Nikakiacha.

Nikafunua blanketi, nikainua karatasi kwa ncha za vidole.
*odab.*
Nilisahau kugeuza.
Niliandika kama mtu anavyoandika,
na karatasi ikanijibu kinyumenyume:
*odab, eriwban. odab, ednulak.*
Nilichapa saba hata hivyo. Karatasi ni ghali.

Mama alipanda Jumapili, viatu mkononi,
maana nyumba yangu Bugarika iko juu ya mawe
na mawe hayaheshimu visigino.
Akachukua ya tatu. Akaigeuza.
Akaibandika dirishani, uso kwenye kioo,
jua likapita,
na kwa mgongo wa karatasi akaanza kusoma kwa sauti
kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Mkono huu ni wangu," akasema. "Mwizi."
Kisha akaona nilichoandika pembeni kwa penseli.
"Tatu kwa saba. Hao wanne nani anawadai?"

Nikaanza kumweleza kuhusu nakala.
Hakusikiliza. Alikuwa amefika kwa Mugeta.
Akachomoa kalamu kwenye nywele,
akalaza karatasi gotini, mgongo juu,
akakata mstari mmoja juu ya sado tatu.
Akaandika: *amelipa*. Na tarehe, ya Machi.

"Alilipa lini?"
"Hakulipa. Tulilala matangani kwake siku tatu."
Akarudisha kalamu nyweleni,
akauliza kama kuna chai.

Nyingine nimeuza, moja kwa daktari wa Bugando
aliyesema anaona mapafu.
Ya tatu siiuzi.
Mama alikandamiza sana, kama anavyokandamiza siku zote.
Ukiitazama kwa mbele huoni kitu,
masizi tu, kahawia, majina yanayorudi nyuma.
Pitisha kidole lakini, taratibu, chini kushoto:
*apilema*,
limevimba kwenye karatasi, halina rangi,
na pembeni yake, ukijua pa kutazama,
Jumatatu moja ya zile tano.