Achilia

Miaka thelathini na moja nimeezeka mapaa ya Zaragoza,
na upepo wetu, Cierzo, nimeutukana kila asubuhi
kabla sijamsalimu mke wangu.
Hushuka bonde la Ebro kama mdai,
haubishi hodi. Umenivunjia vigae visivyo idadi,
umenichukulia kofia tatu, ngazi moja,
na nyonga ya Eladio.

Leo nimekaa jikoni na kalamu ya seremala,
naupangia miadi upepo mwingine.

Tarifa. Ncha ya kusini kabisa ya Hispania,
Levante unakovuma hata wenyeji, nasikia,
husameheana maneno ya wiki nzima.
Julai ni ghali, ufuo umefurika.
Septemba, basi, nikishamaliza paa la watawa.
Siku sita: nne za mafunzo,
moja ya akiba upepo ukizidi,
moja ya akiba upepo ukikosekana.
"Na ya kupumzika?" anauliza Visitación.
Nachonga kalamu.

Suti ya mpira: ya kukodi.
Kishada: mita tisa za mraba, kumi na mbili upepo ukilegea.
Ubao: ule wa wanagenzi, mpana kama mlango wa kabati.
Mkanda wa kiunoni wenye kulabu. Huo naujua.
Ninao wangu, umekunywa jasho langu la ujana.
Ule hunifunga kwenye dohani nisiende.
Huu utanikabidhi.

Nikampigia mwalimu. Ainhoa, sauti changa,
nyuma yake turubai likijipiga makofi.
"Uzito?" Themanini na nane.
"Kuogelea?" Mtoni, zamani.
"Kuna kinachokutia hofu?"
Nikasema: upepo.
Akacheka. Halafu akanyamaza.
"Basi sikiliza, Leandro. Kishada kikikuzidi nguvu,
usishindane nacho. Achilia mpini.
Achilia tu. Kitabaki kitambaa."

Achilia!
Mimi niliyefunzwa neno moja na marehemu Gimeno: shika.
Shika boriti, shika kamba, shika hata msumari,
ukiteleza, shika hewa.
Eladio, siku ile, hakushika.

Hapana. Niseme kweli, niko peke yangu na karatasi.
Eladio alishika. Alishika bati
lililokwisha kugeuka bawa,
akaenda nalo mpaka uani kwa kinyozi.

Juzi nilimsimulia. Akaikuna nyonga, akaagiza kahawa nyingine.
"Nakuja," akasema. "Nitakaa mchangani nikutazame."
Kwa hiyo: vitanda viwili, chumba cha chini, pasipo ngazi.
Mwenye nyumba ametuonya:
egesheni gari pua ikiukabili upepo,
la sivyo mtafungua mlango na kubaki na kitasa.

Saa tano usiku. Nimefunga mpini wa ufagio
kwenye bawaba ya mlango, kwa mpira wa baiskeli.
Naurudi nyuma, nauvuta mpaka mabega yalie,
nahesabu moja, mbili, tatu,
mkono unagoma.
Moja, mbili, tatu. Unagoma tena,
mkono huu unaonilisha.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi vidole vilipofunguka.
Mpini ukaruka, ukaupiga mlango kishindo,
jirani wa chini akagonga dari yake,
Visitación akaita kutoka kitandani:
"Umeangusha nini?"

Sikuangusha, nikamwambia,
nikainama kuuokota.