Lijamu ya Kwapani

Alfajiri ya At-Bashy, ndoo imeganda tena.
Naivunja barafu kwa kisigino,
unakunywa, unanipigia chafya usoni.
Marahaba.

Lijamu naipasha joto kwapani kwanza:
chuma cha baridi hunyofoa ulimi.
Hilo hakunifundisha Kalybek.
Yeye aliniachia kamba, deni la shayiri,
na wewe, mwenye miaka miwili na ukaidi wa kumi,
akapanda basi la Moscow.

Jumatatu ulinila kifungo cha koti.
Jana nilikuinua ukwato wa nyuma, wa kushoto,
ule uliomng'oa Sagyn jino,
nikachokoa kijiwe,
nawe ukaniegemea kwa uzito wako wote
kama mlevi anayerudishwa nyumbani.
Sikusema kitu. Goti lilitetemeka, nikakaza.

Leo nimejilaza mgongoni mwako kifudifudi,
gunia la unga.
Hatua tatu.
Ya nne.
Sikio moja likanigeukia, likauliza, likaridhika.

Usiku simu inalia kutoka mbali.
"Vipi, amekubali kupandwa?"
Nanusa viganja vyangu, jasho lako halijatoka.
"Bado," namjibu. "Bado kabisa."